AFANDE ANATAKA KURUDI SHULE: Njia zipo, ila milango mingine ni ya kusukuma kwa bega



Kila mwaka dirisha la udahili wa vyuo likifunguliwa, kwenye kafe na steshenari za mji huu, kuanzia Ngarenaro mpaka Kijenge, utakuta watu wa aina tatu wanasubiri kompyuta. Kuna madogo waliomaliza form six juzi juzi. Kuna wafanyakazi wa kawaida, mwalimu au karani anayetafuta digrii ili apande daraja. Halafu kuna wa tatu ambaye haongei sana... nywele fupi, mgongo umenyooka, kila mtu anamuita "mkuu". Huyo ni askari, au alikuwa askari, au ametoka JKT mwaka jana. Anataka kusoma. Na mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamweleza njia ikoje.

Basi leo tuizungumzie hiyo njia: ipi ipo kwa mwanajeshi aliye kazini, kwa mstaafu, na kwa kijana wa JKT. Wapi inakwama, na vyuo vyetu vinaweza kufanya nini bila kusubiri bajeti ya serikali. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama muda wako wa kafe unakaribia kwisha, print ukasome nyumbani.

KWA NINI ARUSHA?

Hebu angalia ramani yetu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Dodoma, ukapita Kisongo na kukata kulia Meserani, unafika Monduli, kwenye Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, TMA. Hapo ndipo maofisa wa JWTZ wanapopikwa tangu miaka ya 1970. Ukienda upande wa Moshi, pale Tengeru karibu na Ziwa Duluti, kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Hapo wanakuja maofisa ambao tayari wana vyeo vyao mabegani, wengine wanatoka nchi rafiki. Na upande wa Oljoro kuna kambi ya JKT, 833 KJ, ambayo wapenda mpira wengi wanaijua kwa timu yake iliyowahi kucheza Ligi Kuu.

Sasa weka vyuo vya kiraia juu ya ramani hiyo hiyo. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA) kiko Njiro. Chuo cha Ufundi Arusha kipo mjini kabisa tangu 1978. Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha viko upande wa Usa River. Taasisi ya Nelson Mandela ipo Tengeru, na Chuo cha Maendeleo ya Jamii kipo Tengeru hiyo hiyo. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake cha mkoa. Yaani kati ya Monduli na Usa River, chini ya huu mlima Meru, jeshi na chuo ni majirani wa ukuta mmoja. Kama kuna mji Tanzania ambao ungepaswa kuwa hodari wa kumsomesha askari, ni huu.

Na kuna jambo zuri limeshafanyika. TMA na IAA wameungana, na leo ofisa mwanafunzi pale Monduli anaweza kutoka na nyota yake begani pamoja na Shahada ya Sayansi ya Kijeshi. Zamani kijana alikuwa anachagua: ama uofisa ama digrii, au aanze na kimoja akahangaikie kingine baadaye. Makundi kadhaa ya wahitimu wa shahada hiyo yameshatunukiwa kamisheni miaka ya karibuni.

Lakini tuwe wakweli, hiyo ni njia ya ofisa. Koplo je? Sajini aliyestaafu je? Dogo aliyekaa Oljoro miaka miwili analima na kujenga je? Hao ndio wengi, na makala hii ni yao.

TULIKOTOKA

Kwa wale waliozaliwa juzi, uhusiano wa jeshi na shule nchini kwetu una historia ndefu na ya moto.

Wakati wa uhuru 1961, jeshi tulilorithi, Tanganyika Rifles, lilikuwa na askari weusi chini na maofisa Waingereza juu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito (leo inaitwa Lugalo) waliasi. Madai yao makubwa yalikuwa mawili: mishahara, na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Shida ni kwamba Waafrika waliokuwa wamepewa shule na mafunzo ya uofisa walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa kijana wa hapa hapa Meru, Mirisho Sarakikya, aliyekuwa amesoma Sandhurst, Uingereza. Septemba 1964 likaundwa JWTZ, na Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza mpaka 1974. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya jeshi letu ilikuwa hesabu ya shule: aliyesoma ni nani, na yuko wapi?

Halafu 1966. Serikali iliamua kwamba wasomi wote wapitie JKT miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu pale Dar na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani karibu 400. Siku hiyo hiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wazee wetu wengi wanalikumbuka tukio hili kama vita ya msomi na jeshi, ila swali lililokuwa chini yake lilikuwa la haki: msomi analipa nini kwa nchi iliyomsomesha? Sisi leo tunaligeuza tu: na nchi inamlipa nini aliyeitumikia bila kusoma?

1974 likaja Azimio la Musoma. Kijana akimaliza form six, kwanza JKT, kisha kazini miaka miwili, ndipo aombe chuo. Mpaka utaratibu huo ulipolegezwa miaka ya 1980, chuo kikuu kilijaa watu wazima waliokwisha kushika jembe, chaki na bunduki. Kwa hiyo mtu akikwambia leo kwamba darasani si mahali pa mtu mwenye miaka 38 aliyetoka kikosini, mwambie tulishafanya hivyo nchi nzima.

Vita ya Kagera ya 1978-79 ilivuta jeshi kutoka makumi ya maelfu hadi zaidi ya watu 100,000: wanajeshi, mgambo, vijana wa JKT, polisi, magereza. Vita ilipoisha wengi walirudi vijijini. Wako hapa Meru na Arumeru mpaka leo, wazee wetu, wengine unawaona Siku ya Mashujaa kila 25 Julai wakiwa na medali zao. Walipigiwa ngoma na kushangiliwa kweli kweli. Mpango wa maana wa kuwarudisha shule wale waliotaka haukuwepo.

JKT ya lazima ilisimama 1994, ikarudi 2013 kwa wahitimu wa form six. Na hapo ndipo tulipo.

NJIA ZILIZOPO, MOJA MOJA

Sasa tuje kwenye mambo ya kushika mkononi. Tuanzie chini kwenda juu.

1) Huna cheti cha form four. Wapo, hasa wa zamani walioingia jeshini na darasa la saba. Njia yako ni Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT. Ukifaulu QT unaruhusiwa kufanya mtihani wa form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vya masomo ya jioni vipo mjini, huhitaji kuvaa sare ya shule tena.

2) Una form four lakini hukwenda form six. Usihangaike na form six kama umri umekwenda. Kwa kozi nyingi, ukiwa na D nne (masomo ya dini hayahesabiwi) unaanza astashahada, halafu stashahada, halafu digrii. Ukimaliza stashahada kwa wastani wa GPA 3.0 na kuendelea, mlango wa digrii upo wazi kwa kozi zinazohusiana. Ni ngazi ndefu, lakini kila kipandio kina cheti chake. Ukihamishwa katikati hujapoteza kila kitu, na hilo kwa askari ni jambo kubwa sana.

3) Una form six lakini pointi zilikataa. Kiwango cha chini cha TCU kwa kawaida ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4. Kama zako hazifiki, Chuo Kikuu Huria wana programu ya msingi ambayo ukiifaulu kwa kiwango kinachotakiwa inakupa sifa ya kuomba digrii. Huria ilianza kupokea wanafunzi 1994 na ndiyo imewafaa askari wengi kwa sababu moja rahisi: unasoma ukiwa popote, unalipia masomo kwa kadiri ya mfuko wako, na mitihani unafanyia kwenye kituo cha mkoa. Ukihamishwa kutoka Arusha kwenda Songea, kituo kipo huko pia.

4) Una ujuzi mkubwa, makaratasi madogo. Hapa kuna kitu kinaitwa RPL, na watu wengi hawakijui. Maana yake ni kutambuliwa kwa elimu na ujuzi ulioupata nje ya darasa. Chini ya utaratibu wa TCU unafanya mtihani na kuwasilisha ushahidi wa kazi ulizofanya. Ukipita unaomba chuo kama mwenzako mwenye form six. Kwa mafundi, VETA nao wana mpango wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtaani. Sasa fikiria fundi mitambo aliyekaa karakana ya jeshi miaka 15, au mtu wa mawasiliano, au tabibu msaidizi wa kikosi. Huyu ana shule nzima kichwani, ila haijapigwa muhuri.

5) Ofisa mwenye digrii tayari. Wewe huna shida sana, mkuu. Shahada za uzamili za uongozi, fedha, na amani na usalama zinafundishwa hapa hapa mjini. Shida yako ni muda tu, na hilo tunalifikia.

INAPOKWAMA

Hapa ndipo penye utamu na uchungu wake.

MKOPO. Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, na imebeba watoto wa maskini wengi, tusiwe wachoyo wa kusema asante. Lakini soma masharti yake ya miaka ya karibuni kwa macho ya askari. Mwombaji asizidi miaka 35. Asiwe na kipato kutoka ajira rasmi. Awe amemaliza form six au stashahada ndani ya miaka mitano. Masharti haya yameandikwa kwa ajili ya dogo anayetoka shule moja kwa moja, na kwa dogo huyo yana mantiki kabisa.

Sasa chukua mfano wa kijana, tumuite Kijana wa Oljoro, si mtu fulani. Amemaliza form six 2020. Akajitolea JKT miaka miwili, 2020 hadi 2022, kwa matumaini ya kuchukuliwa jeshini. Nafasi hazikutosha. Akarudi Sakina, akakaa miaka miwili akisubiri tangazo lingine, huku akiendesha boda ya mtu. 2024 akaamka, akasema bora nisome. Amebakiwa na mwaka mmoja tu ndani ya ile mitano. Akikosa udahili raundi hiyo, basi tena, ajilipie. Saa ya Bodi ilikuwa inahesabu wakati yeye yuko porini anachimba mtaro wa taifa.

Mfano wa pili: koplo aliye kazini, ana mke na watoto watatu. Ana mshahara, kwa hiyo mkopo hapati. Mshahara wenyewe ukishalipa kodi ya nyumba na ada za watoto, ada yake mwenyewe inabaki hadithi. Akistaafu, ule mshahara umekwisha, lakini sasa miaka 35 imepita zamani. Kwa hiyo akiwa kazini ana kipato mno, akitoka ana umri mno. Kati ya hapo hakuna hata dirisha moja.

MUDA NA AMRI. Mwanafunzi raia akikosa mtihani ni uzembe au ugonjwa. Askari anaweza kukosa mtihani kwa sababu gari limekuja saa kumi usiku na hajui anarudi lini, na pengine haruhusiwi hata kusema anaenda wapi. Tanzania imepeleka vikosi vya kulinda amani Darfur, Lebanon na Kongo. Huwezi kumpigia mhadhiri simu kutoka Beni kumwomba akusogezee test. Chuo kisipokuwa na kanuni inayojua hali hii, huyu mtu anaandikiwa "hakuhudhuria", anapata supp au anarudia mwaka, na ada imeliwa.

Na kabla ya hapo kuna ruhusa. Aliye kazini hawezi kujiandikisha chuo kimya kimya. Anahitaji kibali cha wakuu wake, na kibali kinaangalia mahitaji ya kikosi kwanza. Hilo halina ubishi, jeshi si kampuni ya utalii. Lakini barua ikikaa mezani miezi mitatu, dirisha la udahili linakuwa limefungwa.

MAKARATASI. Jina la kwenye cheti cha form four ni moja, la kwenye kitambulisho cha kazi lina herufi tofauti, la NIDA lina jina la babu. Mfumo wa udahili haujui huruma, unasoma namba ya mtihani na jina. Cheti kimepotea kwenye uhamisho? Unaanza na taarifa ya upotevu polisi halafu NECTA. Haya yanarekebishika, ila yanachukua wiki na wiki.

DARASANI KWENYEWE. Mtu ana miaka 40, kundi lake la asaimenti lina watoto wa miaka 21 wanaochati usiku kucha na kuandika kazi saa tisa alfajiri. Yeye alizoea saa kumi na moja kaamka. Wenzake wanamwogopa, wanamuita "afande" hata akiomba kalamu. Au kinyume chake, wanamtania "piga kwata tuone". Wengine wanamwona usalama wa taifa, wanakata stori akiingia. Upweke wa namna hiyo unamtoa mtu chuoni kimya kimya, bila disko wala deni.

YA MOYONI. Hili tuliseme kwa heshima. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani wetu pale Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, na zaidi ya wanajeshi 10 wa Tanzania wakauawa kwa usiku mmoja. Waliokuwepo wakapona walirudi nyumbani. Mtu kama huyo akikaa darasani na mlango ukabamizwa, anaweza kuruka. Akikosa usingizi siku nne, hawezi kushika kitabu. Huo si wazimu wala si udhaifu, ni jeraha, na lina matibabu. Lakini sisi tumefundishwa kwamba askari halii. Chuo chenye mshauri wa wanafunzi anayejua kusikiliza bila kuhoji kinaweza kumwokoa mtu kabla hajaacha shule au hajaanza kunywa.

Na wenye ulemavu waliopata wakiwa kazini wasisahaulike. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Ukimpangia mtu wa mguu bandia darasa la ghorofa ya tatu bila lifti, sheria unayo, darasa huna.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Marekani, 22 Juni 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Roosevelt alisaini sheria iliyojulikana kama GI Bill. Askari akirudi, serikali inamlipia ada na posho ya kuishi. Baadhi ya wakuu wa vyuo vikubwa walipiga kelele kwamba vyuo vitageuka vijiwe vya wazururaji. Kumbe wale askari ndio wakawa wanafunzi wenye bidii kuliko wote. Kufikia 1947 karibu nusu ya walioandikishwa vyuoni walikuwa askari wa zamani, na kwa ujumla zaidi ya milioni 2 walipita vyuo kwa sheria hiyo. Mamilioni wengine walijifunza ufundi. Tusiipambe sana lakini: askari weusi, hasa wa majimbo ya kusini, walinyimwa sehemu kubwa ya matunda hayo, kwa sababu vyuo vya wazungu viliwafungia na vya weusi havikuwa na nafasi ya kutosha. Somo ni hili: sheria nzuri bila usimamizi inawafaa waliokuwa tayari mlangoni.

Karibu zaidi, Uganda kati ya 1992 na 1995 ilipunguza jeshi kwa watu zaidi ya 36,000 na kuunda bodi ya kuwasaidia wapiganaji wa zamani kurudi uraiani, wakipewa fedha na mabati ya kuezekea. Mabati ni kitu kizuri, usiku unalala bila kunyeshewa. Lakini bati haliwezi kukupeleka darasani.

Sisi Tanzania hatuna uwezo wa Marekani, hilo tunalijua. Ila vitu vingi ambavyo askari anahitaji chuoni havihitaji mabilioni.

VYUO VYETU VIFANYE NINI?

Mapendekezo matano, yote ya bei ya chai:

Kwanza, mtu mmoja. Kila chuo kiteue ofisa mmoja ambaye askari na waliotoka JKT wanajua jina lake na mlango wake. Aelewe vibali, RPL, na masuala ya majina kwenye vyeti. Hahitaji ofisi mpya, anahitaji kupewa jukumu.

Pili, kanuni ya wito wa kazi. Iandikwe kwenye kitabu cha taratibu: mwanafunzi akiitwa kazini kwa amri, barua ya kikosi, hata ikija baadaye, inatosha kuahirisha muhula au kufanya mtihani maalumu bila faini na bila kulipia upya. Huhitaji kuambiwa alikwenda wapi.

Tatu, ratiba. Jioni na wikiendi zipo kwenye vyuo kadhaa mjini, ziwekwe hata kwa kozi za ufundi na TEHAMA, si biashara tu.

Nne, chuo kiende kambini. Miaka ya karibuni Bodi ya Mikopo imekuwa ikituma watu kambi za JKT kuwaelekeza vijana wa form six namna ya kuomba mkopo. Jambo zuri sana. Basi vyuo vya Arusha navyo vipande gari kwenda Oljoro, na visiishie kwa wale wa mujibu wa sheria. Wale wa kujitolea ndio wanaohitaji zaidi, kwa sababu JKT yenyewe husema wazi kwenye matangazo yake kwamba haitoi ajira wala haiwatafutii ajira. Kama ajira si ahadi, basi angalau shule iwe mpango.

Tano, ukaribisho wa wakubwa. Wiki ya kwanza ya chuo, wanafunzi watu wazima wote, askari, walimu, mama wa watoto watatu, wakutanishwe. Wakijuana watasaidiana, hata kundi la WhatsApp litakuwa la saa za watu wazima.

La sita ni la serikali: Bodi ifikirie kutohesabu miaka ya utumishi. Kama umekaa JKT miaka miwili, ile mitano yako iwe saba. Kama umetumikia jeshi kwa heshima na kustaafu, ile 35 isogee. Hatuombi fedha za bure. Mkopo unarudishwa.

"KWA NINI ASKARI TU?"

Najua swali linakuja, na ni la haki. Mkulima wa Poli naye amechelewa shule. Muuguzi naye hana mkopo. Kwa nini askari apewe mlango wake?

Jibu langu ni fupi. Mkulima na muuguzi wana maisha magumu, lakini hakuna anayeweza kuwaamuru usiku mmoja waache kila kitu. Askari anakula kiapo, na kwa kiapo hicho taifa linachukua mamlaka juu ya muda wake. Sasa ukichukua muda wa mtu kwa amri, halafu ukamnyima nafasi kwa sababu muda umepita, umemtoza mara mbili. Zaidi ya hapo, karibu kila kitu nilichoomba hapo juu, jioni, RPL, mtu mmoja wa kuuliza, kinamfaa mkulima na muuguzi pia. Mlango ukipanuliwa kwa ajili ya mwenye buti, mwenye kandambili naye anapita.

UKITAKA KUANZA KESHO

Kwa wewe mwenyewe, au kaka yako, au mzee wako hapo nyumbani:

- Kusanya vyeti vyote, linganisha majina na NIDA. Kama yanatofautiana, shughulikia sasa, usisubiri dirisha lifunguliwe.
- Uko kazini? Andika barua ya kibali mapema, miezi sita kabla. Onyesha kozi inahusianaje na kazi yako.
- Hakikisha chuo na kozi vinatambulika, TCU kwa digrii, NACTVET kwa astashahada na stashahada. Matapeli wa "digrii ya miezi sita" wanawapenda sana wastaafu wenye kiinua mgongo.
- Kozi za jeshini ulizosoma, tunza kila cheti. Ndio ushahidi wako wa RPL.
- Hapo chuoni, usijifiche. Mwambie mshauri wa wanafunzi hali yako, hata kwa kifupi.
- Na nyie madogo mnaosoma naye: msimwazime koti la kombati mpige picha. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi, na yeye ndiye atakayeingia matatani kwanza. Mwazimeni noti za lekcha aliyokosa, hiyo ndiyo heshima.

Naomba kuwasilisha. Kama uko kikosini na umeshapita njia hii, au mzee wako wa Kagera aliwahi kujaribu kurudi shule, karibu utueleze hapo chini ilikuwaje. Ila jamani, majina ya vikosi na ya wakuu wenu msiweke. Tusaidiane bila kumtia mtu matatani.